Gauni la Hariri la Mama

Jumatatu, 22 Julai 1996

Kutoka Kiberege mpaka Mlimba hakuna dobi kama mimi, Beda. Mto Kilombero wenyewe ukiniona na ndoo unajisogeza. Shati nikilipiga wanga linasimama lenyewe, mwenye nalo anaingia kama anaingia nyumbani kwake. Shule niliishia la sita. Iliyoshindwa ni shule.

Leo mashati manane kabla ya chai. La tisa lilikuwa bado kwenye beseni mama aliponiita chumbani. Kafungua sanduku, katoa lile gauni la hariri. Kijani, kama mpunga ambao haujatoa masuke. Baba alimletea alipokuwa kibarua wa reli kule Mlimba. Baba hayupo, mwaka wa kumi na tatu huu. Tangu tumzike, mama hajalivaa. Jumamosi dada Asteria anaolewa, na mama anataka aingie kanisani na kitu cha baba mwilini.

Kifuani kuna doa la mafuta. Vidole vitatu. Vyangu. Siku ya ubatizo wangu nilipewa samaki wa kukaanga, kisha nikamng'ang'ania mama. Kuchafua nilianza zamani kuliko kufua.

Jumanne, 23 Julai

Hapa peke yangu naweza kusema: hariri sijawahi kuifua. Nimekwenda kwa Mama Gaude, jirani yetu, fundi cherehani. Shikamoo yangu kaitikia nusu.

"Beda, hilo usilifikiche kama suruali ya fundi gereji! Poda kwanza, inyonye mafuta. Halafu maji baridi na sabuni ya mtoto. Usikamue. Juani usilipeleke."

Nikamwambia mikono hii ina digrii.

"Digrii ya kuchana nguo za watu."

Mama huyu hanipendi. Lakini kanikatia muwa.

Poda nimeiba ya dada. Bibi harusi akinuka jasho, shauri yake.

Jumatano, 24 Julai

Poda imelala juu ya doa usiku kucha. Asubuhi nimeipangusa kwa kitambaa, nikarudia, mara tatu. Kisha maji baridi. Sijafikicha. Nimeligandamiza polepole kama mtu anayeogesha kichanga. Wenzangu wa kijiweni wangeniona wangecheka mwezi mzima.

Vidole viwili vimeondoka! Cha tatu bado, kwa mbali sana. Nikataka kurudia. Mama kakishika kile kidole, kanitazama mkononi. Mkono mkubwa sasa, umechubuka kwa sabuni.

"Hicho kiache."

Nikaenda uani kuangalia kuku. Kuku hawakuwa na shida yoyote.

Alhamisi, 25 Julai

Limekauka kivulini. Pasi ya makaa machache, upande wa ndani. Safi. Lakini limelegea kama mlenda! Watu waseme hii ndiyo kazi ya Beda? Mama alikuwa sokoni. Nikachemsha mchele wa Mchombe, ule wenye harufu, nikachuja maji, yakapoa, nikalichovya gauni lote. Sikuuliza mtu. Bingwa haulizi. Likakauka tena, nikapiga pasi tena. Pindo likasimama kama kengele.

Mama karudi, kaligusa, kacheka kwa sauti. Sikumbuki mara ya mwisho. Kasema tusilirudishe sandukuni litajikunja, akalitundika kwenye msumari chumbani, juu ya magunia ya mchele wa harusi.

Sijamwambia siri ya ule ugumu. Dobi hatoi siri.

Ijumaa, 26 Julai

Panya.

Pindo lote la mbele. Matundu, nyuzi zinaning'inia. Magunia yapo hapo hapo, hata moja halijatobolewa. Wamepanda ukutani wakala hariri.

 Mama kakaa kitandani na gauni mapajani. Dada kalia kwa niaba ya wote.

Nimeua panya wawili kwa fimbo. Haijasaidia.

Jumamosi, 27 Julai

Mama Gaude kaja alfajiri na mkasi. Kalinusa gauni. Akanitazama. Akalinusa tena. Akakata pindo, akalikunja upya likaishia chini ya magoti, akashona. Afadhali angenitukana.

Mama kalivaa hivyo hivyo, na kitenge chini yake kufunika miguu. Kanisani kanyooka. Shangazi mmoja kamwuliza nani kamfulia, kanionyesha mimi. Watu wakanisifu. Wali ulikuwa mtamu, wanasema. Sikuula.

Jumapili, 28 Julai

Nyumba kimya. Dada kaenda kwa mumewe. Masufuria ya watu nimeyaosha na kuyarudisha.

Jioni mama kanikuta uani. Kasema, "Pole mwanangu. Kazi yako yote ile, mimi ndiye nimeiharibu. Ningelifungia sandukuni."

Shati la maji ya mchele hatuwekagi karibu na panya, kila dobi wa hapa anajua. Mimi najua. Niliwaandalia chakula kwa sifa zangu, mama akakitundika bila kujua.

Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Mama kasimama pale, ananipa pole.

Nikajibu, "Nimeshapoa, mama."