Fono ya Resori Mbili

Baba Amisi,

Salamu yangu pokea, hata kama huwezi kuitika. Eda imekwisha. Mi na Salima tumeoga, tumevaa nguo zingine, na leo nimechukua kalamu ya mutoto wetu Amisi nikuandikie kwa zile herufi za chuo cha Korani ulizokuwa unazicheka. Usitafute viatu. Usiniambie mutumbwi unakungojea kwenda Kazimia. Leo utanisikia mpaka mwisho.

Ni juu ya fono, lile sanduku la kuimbisha disiki.

Ulipomuoa Salima juu yangu, ulirudi kutoka Albertville na fono mbili zimefungwa mu blanketi, moja ya nyumba yangu, moja ya nyumba yake. Sanduku rangi moja, mukono wa kuzungushia upande mumoja. Ndivyo ulivyokuwa: taa mbili, sufuria mbili, hata samaki ulikata katikati. "Sawa kwa sawa, bibi zangu." Muji wote wa Baraka ulikusifu. Mi sikukusifu, sababu sikutaka sawa. Mi nilikula muhogo mukavu na weye wakati huna hata bisikleti. Sawa na nani?

Halafu ule mwaka mafuta ya moto yaliniunguza mukono, nikawa siwezi kuzungusha. Ukaichukua fono yangu, ukasema resori, ile chuma iliyojikunja ndani, imekatika, utatafuta ingine. Ilikawia sana. Iliporudi iliimba vizuri kidogo tu, kisha ikaanza kuugua. Mwanamuke anaanza wimbo vizuri, anafika katikati anageuka mwanaume mwenye mafua. Na ngambo ya kiwanja, ya Salima iko inaimba, haikohoi hata mara moja! Nikajua. Nikasema, huyu amebadilisha: yangu nzima iko kwa Salima, ya Salima mbovu iko kwangu.

Nilikuuliza, ukacheka. "Mama Amisi, fono haina mupenzi." Ile cheko yako ilinikula miaka. Banasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mi sikukonda, nilinenepa nao. Kila Salima alipofungua fono yake, mi nilishika mutwangio nikatwanga majani ya sombe mpaka kinu kinalia, nisisikie. Ulikula sombe nyingi ile miaka, hukujiuliza kwa nini.

Sasa, eda ilipokwisha, nikamuita Fundi Lubunga, yule wa Fizi anayetengeneza saa na vyerehani. Mu kinywa nilisema, tengeneza. Mu roho nilitaka aniambie kitu kimoja: hii fono ni ile uliyoninunulia, ao ni ya Salima?

Na kazi yake ilianzia pale pale. Akasema, "Mama, sigusi kitu mbele ya kujua ni fono ya namna gani. Resori ya fono ingine ukiilazimisha humu, inakatika ao inaua mashine yote." Akatazama ndani ya kifuniko: etiketi yote bamende bamekula. Akapapasa bawaba, akageuza kichwa cha sindano, akauliza kama kuko ingine iliyonunuliwa siku moja na hii. Ilibidi nimuite Salima.

Akakuja nayo juu ya kichwa, na ule mwendo wake. Unaujua, usinilazimishe kuusema. Ya kwake etiketi iko nzima. Fundi akaisoma, akaziweka pamoja, akapima sanduku kwa vidole. "Hizi ni mapacha. Fono ndogo, ya resori moja." Nikasema mu roho, sasa afungue, tuone nani alidanganywa.

Akashika turnevisi, akafungua misumari ya kuzungusha, akainua ubao wa yangu. "Eh! Hili tumbo haliko la hili sanduku." Chini yake makopo mawili ya resori, na mbao imekatwa kwa kisu ili yapate nafasi, imekatwa vibaya vibaya. Nikaruka: "Si nilisema! Aliniwekea makapi!" Nilikuwa tayari kumwaga yote mbele ya Salima.

"Mama, kaa," fundi akasema. "Hii ni mashine ya fono kubwa, ile ya batajiri inayosimama kama kabati. Unazungusha mara moja, unasikia disiki pande zote mbili. Muntu alitafuta sana mpaka kuipata." Na kuugua? Akatia kidole, akanusa, akacheka mpaka akafuta machozi. Mawese! Ulipaka mawese mu mashine, Baba Amisi, yakaganda humo kama mu chungu cha juzi.

Mi sikucheka. Nilikuwa natazama kovu la mukono wangu, ule uliokuwa hauwezi kuzungusha.

Akafungua ya Salima. Resori moja, ile ile iliyozaliwa nayo. Hakuna mukono uliogusa.

Salima hakupiga kelele. Alishika ile mbao akasema, "Nilimuona akiikata nyuma ya depo. Nilimuuliza. Aliniambia anatengeneza sanduku ya samaki ndagala." Kisha akalia. Ku kilio cha maziko yako alilia na sauti. Hii haikuwa na sauti.

Na mi? Sitakudanganya kaburini. Nilifurahi. Furaha ilinipanda mpaka nikaogopa itaonekana. Nilimupikia fundi chai yenye sukari ya kuua. Akaosha mashine na petroli, akaweka mafuta yake, fono ikaimba pande zote mbili bila kukohoa. Na dirisha linalotazama kwa Salima nililifungua. Ndiyo, nililifungua.

Asubuhi Salima akasimama ku mulango wangu. "Yaya, dada mukubwa, tulisoma chuo kimoja. Mwanaume wa bibi mbili akiegemea upande mumoja, siku ya kiyama anafufuka namna gani?" Nilijua. Kila mutoto wa chuo anajua: anafufuka upande mumoja umeanguka. Akasema, "Mi naweza kumusamehe. Lakini unipe ile fono. Si juu ya disiki. Nataka na mi nikae na kitu alichoteseka nacho."

Aka! Nilimufungia mulango. Msamaha ni ndagala, auzishe? Nikakukasirikia na weye pia. Kwa nini hukuniambia? Miaka yote ile natwanga bure! Lakini ungeniambia, jioni ile ile soko yote ya Baraka ingejua, na Salima wa kwanza. Ulinijua vizuri.

Nimefikiri sana, mume wangu. Sitaki usimame kule mbele ya bantu umepinda, baulize ni bibi gani alikupinda. Ijumaa, swala ikitoka, nitaibeba mi mwenyewe juu ya kichwa mpaka kwake, na atasema mbele ya mwalimu kwamba amekusamehe, na mi niko nasikia. Nimekuahidi, wallahi sitarudi nyuma. Kwaheri, Baba Amisi. Mungu akulaze mahali pema.

Lakini leo haijawa Ijumaa. Mpaka siku hiyo, lala hivyo hivyo umeinama. Umeinama upande wangu.