Gauni la Sólrún na samaki wangu

Ásdís shoga yangu, nimeharibu, na nimechoka hoi.

Leo si ndiyo siku ya samaki taa aliyevundikwa mpaka akanuka? Nikamchemsha hapa kwa mwanangu, kama kila mwaka kabla ya Krismasi. Kumbe gauni la sikukuu la mkwe wangu Sólrún limetundikwa humo humo jikoni. Sasa linanuka choo.

Karudi, kanusa. "Mama, gauni langu." Basi. Tena, polepole: "Mama, gauni langu." Heri angefoka.

Nikamwambia chakula cha sikukuu kesho nitakula kwangu peke yangu, wasinifuate.

Akavuta kiti. Huyu ambaye miaka tisa hajawahi kumwonja samaki huyo. "Nipakulie, Mama. Kama ni kunuka kesho, tunuke wote mezani."

Kala, machozi yanamtoka kwa ule ukali. Kaomba na viazi.