Dawa ya Bwana Shamba

Jumanne, 4 Machi
Mume wangu, bwana shamba wa kata nzima, leo kafundisha wakulima jinsi ya kuzuia viwavijeshi. Pandeni mapema. Msirudie mahindi juu ya mahindi. Kagueni shamba mara mbili kwa wiki. Akapigiwa makofi. Nikarudi kupitia shambani kwetu — mahindi juu ya mahindi, mwaka wa tatu, yamepandwa kwa kuchelewa maana mwalimu mwenyewe alikuwa semina. Majani yametoboka kama chujio. Ndani ya mche, kiwavi mnene, katulia kama mwenye hati ya kiwanja.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua imekata siku ya tisa. Nimemweleza. Kasema joto likizidi wanazaliana haraka. Asante, nilidhani wameletwa na posta. Nikashauri tuwatoe kwa mkono, siafu na nyigu watamalizia. Hataki mambo ya kizamani. Watu wakiona shamba la bwana shamba limeliwa watamcheka. Hapo ndipo penye kidonda.

Jumamosi, 8 Machi
Kapiga dawa. Saa saba mchana! Upepo unaelekea kwa wifi, dada yake, ambako alizeti zimechanua na mizinga yake kumi imepangwa. Wakulima wengine yeye huwafundisha: pigeni jioni, nyuki wakisharudi. Nikamkumbusha. Akauliza nimekuwa mtaalamu tangu lini. Vifuniko vitatu vya dawa badala ya kimoja — eti wasikie.

Jumapili, 9 Machi
Nyuki wote wamekufa. Wametapakaa chini ya mizinga kama pumba. Wifi alikuwa akiwafagia. Asali hiyo ndiyo imesomesha wanawe tangu afiwe na mume. Kaka mtu akachuchumaa, akachunguza, akatoa hukumu: joto. Wifi akamshukuru kwa kuacha mapumziko yake. Mimi nikamshikia ndoo. Dawa sikuitaja. Sasa tuna wataalamu wawili nyumbani.

Viwavi wetu? Wazima. Wamejichimbia ndani, dawa haikuwafikia. Waliokufa ni siafu na nyigu waliokuwa wakiwala.

Jumatatu, 10 Machi
Kala, kasifu mboga. Kesho mchana atarudia kupiga dawa.

Jumanne, 11 Machi
Wifi kaja asubuhi, kaka yake yuko kazini. Mfugaji mwenzake wa mbali kampa makundi mawili ya nyuki aanze upya. Mizinga iko uani kwetu, matundu yamezibwa, wanavuma ndani. Kwa kuwa kaka kasema ni joto, kachagua kivuli cha miti yetu — mpakani kabisa na mahindi. "Wifi, nisaidie kubeba," kasema. "Nikichelewa watakosa hewa."

Nikamwambia kaka yake ana mpango na shamba leo. Akajibu, "Afadhali, atawaangalia pia. Yule ndiye ninayemwamini."

Nimemwambia nafuata viatu chumbani. Viatu ninavyo miguuni.

Ananiita mara ya pili.