Mguu wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimefanya ujinga leo. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Ni hivi. Mama Mkwe ni farasi wa mdogo wangu. Jina alipewa kwa sababu humkagua kila mgeni kuanzia viatu. Ana miezi mitano anauguza kano ya mguu wa mbele wa kushoto, na miezi mitano hiyo mimi ndiye ninayemkanda, ninayemtembeza, ninayemnyoosha. Kila asubuhi natumbukiza mguu kwenye ndoo ya barafu, dakika ishirini. Leo vilevile. Daktari wa wanyama alikuwa aje saa nne kumpima. Saa mbili na robo huyo hapo, ameshashuka kwenye gari! Mguu nilikuwa nimeutoa kwenye ndoo dakika kumi tu nyuma, nimeukausha kwa taulo, ndoo nimeshaimwaga.

Sasa, kano mbovu inajulikana kwa joto. Unaweka mgongo wa kiganja kwenye mguu mzima, halafu kwenye ule mgonjwa, unalinganisha. Ukiwa umetoka kwenye barafu, hata mguu unaowaka unakuwa baridi. Maumivu nayo yanakufa ganzi. Kila mtu wa kazi hii anajua: baada ya barafu unasubiri saa mbili nzima ndipo upime. Nani alinifundisha? Yeye mwenyewe Daktari.

Akashika. Akashika tena. Akaamuru farasi akimbizwe taratibu kwenye sakafu ya saruji, yeye kafumba macho anasikiliza kwato. Hakuna kuchechemea. Akasema mbele ya watu wote wa banda kwamba hajawahi kuona kano iliyopona hivi, mikono yangu ina baraka. Mdogo wangu akanirukia shingoni. Jumamosi atashindana kuruka viunzi!

Na mimi? Nilifungua mdomo. Halafu nikacheka. Nikasema asante, Daktari.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia Daktari. Nilikuwa nimepiga moyo konde kabisa, maneno nimeyapanga. Akanitangulia. Amewasimulia wenzake wote, wanataka niende kuwafundisha. Kichwa kikavimba kidogo, nakiri. Nikamuuliza bandeji ipi ni nzuri.

Bandeji! Nina kabati zima la bandeji.

Huenda kano imepona kweli. Inawezekana. Shida ni kwamba sijui, na Daktari hajui, ila yeye anadhani anajua. Na atakayepanda ni mdogo wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo mdogo wangu ameruka viunzi vidogo. Nilishika uzio mpaka vidole vikaniuma. Vyote sita wamevivuka, Mama Mkwe masikio mbele, anajisikia kweli. Mdogo wangu alishuka jasho tupu, akasema, dada, unajua nilishakata tamaa? Nilishaanza kutafuta wa kumchukua. Nikamwambia ashushe visigino zaidi anapotua. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Alipokwenda kuoga nikaweka mgongo wa kiganja. Kulia. Kushoto. Kulia tena.

Kushoto kuna uvuguvugu. Si mwingi. Nikasema ni jua. Lakini ni jua gani hilo linalochagua mguu mmoja?

Mama yetu naye kapiga simu. Anaogopa farasi tangu zamani, hata picha zao hataki ukutani. Kauliza kama kweli ni salama mtoto wake kuruka. Wewe ukisema sawa, mimi natulia, kasema.

Nimesema sawa.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nilikuwa kliniki, ninakowafanyisha wanyama mazoezi ya viungo. Meneja — mbwa wa fundi cherehani, mzee, kitambi, miguu ya nyuma haimsikilizi — ametembea dakika nane kwenye tangi la maji. Maji yanambeba, ukanda wa mashine unasogea chini ya miguu, naye katazama mbele kama amechelewa kikao. Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Fundi alikuwa kapiga magoti pembeni, shati limeloa. Akaniambia nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, Meneja atapanda ngazi tena au hapana? Nikamwambia hapana. Atatembea uani, atakwenda mpaka getini, lakini ngazi basi. Akamkausha masikio, moja moja. Kisha akasema ndiyo maana anamleta kwangu, mimi sifichi.

Nikaenda kujifungia chooni. Kwa mbwa wa fundi kweli inanitoka papo hapo. Kwa mdogo wangu wa tumbo moja ulimi unaganda! Nimembeba mgongoni huyu. Mimi ni mtu gani?

Mchana nikaenda bandani. Nikabonyeza kano kwa kidole gumba. Mama Mkwe akavuta mguu. Kidogo tu, lakini akavuta, akanigeukia na kuniangalia.

Nikatoka kumtafuta mdogo wangu nimwambie. Nikamkuta anapiga kiwi buti, anaimba hovyo, amevaa namba ya mashindano juu ya nguo za nyumbani. Akasema haogopi kitu kesho, kwa sababu mguu umepita mikononi mwangu. Nikamwambia anaimba vibaya. Akanirushia kitambaa cha kiwi. Tukacheka wote wawili.

Jumamosi, 8 Machi

Uwanjani. Nimekaa kwenye kreti nyuma ya lori la farasi, daftari gotini.

Leo saa moja asubuhi nimeuweka mguu kwenye barafu. Jumatatu ilikuwa bahati mbaya, Daktari aliwahi kufika, basi. Leo nilijua atapima saa moja na nusu asubuhi, kabla ya mashindano. Nilipiga hesabu ya dakika. Nikaukausha vizuri, nikachana hadi manyoya yalale. Sasa nimeandika, siwezi tena kusema sikujua.

Daktari kaja, kashika, kasema poa kabisa. Kamkimbiza kwenye lami. Safi. Katoa fomu ya kumruhusu ashindane.

Viunzi vya leo vinamfika mtu kifuani. Nimekwenda kusimama karibu na cha tatu, nikapima kwa mwili wangu. Kano haikatiki wakati wa kuruka, inakatika wakati wa kutua. Farasi anakwenda chini kwa mabega, na aliye juu anatangulia. Niliwahi kuona mara moja. Aliyeanguka sikumjua, lakini sikula siku mbili.

Mdogo wangu kashavaa kofia, kamba ya kidevuni kaikaza. Anamzungusha Mama Mkwe polepole kando ya lori, anamsemesha.

Na sasa Daktari kaja huku na kalamu. Anasema wiki hii yeye ameona mguu mara mbili tu, mimi nimeishi nao miezi mitano. Hasaini mpaka nimwambie kwa mdomo wangu kama kuna lolote. Nikamwambia, dakika moja, Daktari, namalizia kumbukumbu za mgonjwa.

Anadhani ndizo ninazoandika. Amesimama hatua mbili kutoka hapa. Nikiinua kichwa itabidi niseme kitu. Kwa hiyo naandika.

Kipaza sauti kimeita namba ya kwanza. Mdogo wangu ni wa nne.

Daktari kauliza kama bado sana. Nimesema bado kidogo. Kasema basi angalau aone nilipofika, asaini baadaye. Nimesogea. Amekaa kwenye kreti hii hii, bega lake limegusa langu. Anatafuta miwani mfukoni.

Naweza kufunika ukurasa kwa mkono. Ameshaivaa. Mkono wangu wa kushoto bado uko kwenye kreti, ukurasa uko wazi.