Injini Yako Haitemi Maji Tena

Mzee Leonadi,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya mafundi wote wa injini kuanzia Karema mpaka Mpanda mjini, nakutangazia rasmi kwamba spana yako namba kumi na tisa imepatikana. Ilikuwa imelala chini ya injini ya boti yako, imevaa kutu. Miaka sita ulinisema nimeiiba. Hata msibani kwako, mimi mtani wako Msukuma nilisimama mbele ya jeneza lako nikakudai uniombe radhi, watu wakacheka huku wanalia. Sasa ushahidi upo. Nasubiri.

Utauliza niliionaje bila kung'oa injini. Basi ndiyo, niliing'oa. Na habari yenyewe hutaipenda: injini yako hainywi tena maji ya ziwa.

Najua ulipokuwa hai ulikataa. Lakini Mama Sesilia, mke wako, alinipigia simu huku Mwamkulu. Boti ndiyo inayomlisha, na injini ilikuwa inachemka kila safari. Nilipoifungua nikakuta njia za maji zimeziba kwa mchanga na ule utando mweupe, kama ndani ya birika kuukuu. Nikaweka tangi la maji safi juu yake. Sasa maji hayo yanazunguka kwenye injini, yanashuka kwenye bomba la shaba chini ya boti, ziwa linayapoza kwa nje, yanarudi. Ziwa lenyewe haliingii ndani hata tone.

Nikaziba na lile tundu la ubavuni, injini ilipokuwa inatemea maji. Hapo nilisita, Mzee. Miaka yote ulisafiri mkono wa kushoto uko nje, kiganja chini ya maji yanayotemwa, ukisikiliza joto. Geji ya joto uliiita redio. "Inaongea hata kama studio hakuna mtu," ulikuwa unasema. Nikagonga kizibo cha mti, nikapaka gundi, nikajiona msomi.

Kisha yakaanza mambo.

Kila asubuhi tangi lilikuwa limepungua. Si sana, kikombe kimoja. Nilipima kwa kikombe chako cha bati, kile cha bluu chenye pengo: kinajaza tangi, hakibaki wala hakipungui. Nilipapasa kila maungio, makavu. Sakafu ya boti, kavu. Siku ya tatu Mama Sesilia alisimama akaniangalia nikimimina, akasema polepole, "Anakunywa. Alikufa na kiu."

Nikakumbuka hospitali, walivyokuwa wanakupimia maji kwa kijiko, wewe unafuata kile kijiko kwa macho. Nikamalizia kumimina.

Tangu siku hiyo alijaza tangi mwenyewe. Anakusalimia kwanza, anamimina, anafunika. Abiria wakajua. Waliokaa karibu na tangi walianza kushusha sauti, kama watu walio chumba kimoja na mgonjwa aliyelala.

Halafu ile safari ya Ikola. Mchana, ziwa limelala kama sahani, hata ndege hakuna. Watu kumi na tano, Mama Sesilia kakaa pembeni ya tangi. Mimi nyuma, nimeng'ang'ania ubao kwa mkono mmoja. Unanijua, mtoto wa wafuga ng'ombe, maji yakinizidi magoti naanza kusali. Ghafla nikazima injini. Nilipofungua tangi halikuwa na kitu, na chuma kilikuwa cha moto cha kuunguza. Dakika chache zaidi ingekwama na kupasuka, na tulikuwa mbali na nchi kavu. Tukasubiri ipoe, tukaijaza, tukarudi taratibu, tunajaza njia nzima. Watu wakanisifu: fundi ana jicho, kaiona geji. Mama Sesilia akanichinjia kuku. Nikamla.

Sasa Mzee, wewe sikudanganyi.

Ulinifundisha kukaza boliti za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kuanzia katikati kwenda nje, "kama unatandika kitanda cha mgeni." Siku ile ya kuifunga injini watu walikuwa wamenizunguka wananirekodi kwa simu, nami nikawa naongea kuliko kukaza. Nilianzia pembeni. Kwa spana yako hiyo hiyo. Gasketi inayoziba chini yake ikakaa vibaya, injini ikawa inameza maji yake yenyewe na kuyatoa kwa moshi, kikombe kwa kikombe, mpaka siku ya Ikola ilipoachia kabisa. Moshi mweupe niliuona siku ya pili. Nilinyamaza, maana kusikia marehemu anakunywa kulikuwa kutamu kuliko kusikia fundi kakosea. Nilimwacha mjane anaisalimia gasketi.

Hilo nimeshamwambia. Akaniomba kile kikombe chako, akaondoka nacho. Gasketi nimebadili, nimeanzia katikati. Tangi halipungui tena.

La pili sijamwambia mtu. Geji sikuiona ikipanda, kwa sababu haikupanda. Maji yalipoisha haikuwa na cha kupima, ikabaki chini, inaongea na studio haina mtu. Nilizima kwa sababu mkono wangu wa kushoto ulikuwa nje. Sijui niliutoa saa ngapi. Na kwenye kiganja yalimwagika maji ya moto, mengi, kwa mapigo, kama zamani.

Tulipofika nilikagua kizibo. Kimekaza, gundi haijapata hata ufa, na mti wake ni mkavu. Ila kiganja kilikuwa chekundu. Mpaka leo ngozi inabanduka.

Kwaheri, Mzee. Spana nimeisugua, iko kwenye boksi lako, sehemu yake. Naahidi Mama Sesilia hatapanda tena kwenye kazi niliyoifanya huku nachekea simu. Na kila nikisafiri na boti hiyo, mkono wangu wa kushoto utakuwa nje.

Mtani wako, ambaye si mwizi.