Mashine Ilikataa

Kibuli, Kampala
4 Machi 2024

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Masikio yanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Unajua kampuni yetu inatengeneza kompyuta ndogo za kuchunga watoto wachanga hospitalini. Oksijeni ya mtoto ikishuka, kengele inalia, nesi anakuja mbio. Tangu Februari zinazimika zenyewe. Sisi tunasema kerneli imeanguka, yaani ile programu iliyo chini ya zingine zote. Ikianguka, hata kengele hailii. Jumanne iliyopita moja ilizimika, nesi Jalia akachelewa kugundua, mtoto wa siku tisa akafa. Siku tisa, Baba!

Bosi anasema ni Ocira, maana ndiye anayezifunga mashine wodini. Eti ameiba memori nzuri, vile vipande vya kumbukumbu ya mashine, akaweka feki. Ijumaa polisi walimchukua. Najua ni mtoto wa marehemu Oloya rafiki yako, na ni wewe uliyeniomba nimtafutie kazi. Nifanye nini?

Binti yako,
Laker


Gulu
11 Machi 2024

Laker mwanangu,

Barua yako dereva wa basi amenifikishia. Masikio ni yaleyale, milio ya risasi imeyala, simu siisikii, ndiyo maana nakusumbua na kalamu. Mama yako anakusalimu. Kuku wake wamekwisha kwa kideri, lakini yeye yuko ngangari.

Pole yake huyo mama aliyefiwa. Lakini Ocira aibe? Hebu niondolee! Mama yake, Joska, amekuja hapa akakaa chini, kiti amekataa.

Mimi kompyuta sijui. Ila miaka thelathini ya polisi imenifundisha kitu kimoja: kitu kikiharibika, usianze na mtu, anza na daftari la zamu. Kabla ya siku ya kwanza ya uharibifu, nani alishika nini? Tafuta. Na jina utakalolikuta usiliogope.

Baba yako,
Oyet


Kibuli
19 Machi 2024

Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Ukiniuliza afya, sili wala silali.

Nimetafuta. Memori zote nimezipima, ni nzima. Nikafungua kumbukumbu za kazi, ambazo ndizo daftari letu la zamu. Jina nililolikuta ni langu.

Januari nilibadilisha kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Kerneli nikaijenga upya kwa kompaila mpya. Lakini kipande cha programu kinachosoma oksijeni tunakinunua nje, kinakuja kimeshajengwa kwa kompaila ya zamani. Hivyo viwili havipangi vitu sawa ndani ya memori. Ni kama wake wenza kwenye jiko moja: mmoja amehamisha makopo, mwenzake anachota chumvi pale alipozoea, kumbe leo pana sabuni ya unga. Siku kadhaa inakwenda vizuri, halafu inachota pasipo pake, inaanguka.

Na mashine iliniambia, Baba. Ilikikataa kile kipande, ikaandika waziwazi kwamba matoleo hayalingani. Hospitali walitaka kazi Ijumaa ileile, nikaandika amri ya kuilazimisha ikipokee. Nikasema Jumatatu nitarekebisha. Jumatatu nikasahau.

Sasa nimerudisha kompaila ya zamani, na siku sita hakuna iliyoanguka. Nilimwonyesha bosi. Akasema, "Vizuri, sasa funga mdomo. Kampuni ikifa, watu watakula wapi?" Nimeufunga. Naogopa jela, Baba.

Binti yako,
Laker


Gulu
25 Machi 2024

Mwanangu,

Natumaini umekula leo. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Kukosea umekosea. Lakini yule kijana analala sakafuni kwa ajili yako. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda kituoni ukaseme. Nitakuja nikae nawe.

Baba yako


Kibuli
14 Aprili 2024

Baba,

Hamjambo nyumbani? Nisamehe kwa kukaa kimya. Mara mbili nimefika mlangoni pa kituo nikarudi. Bosi amenipandisha cheo, mimi sasa ni mkubwa wa mafundi. Najua utanidharau. Nipe mwezi mmoja tu, nijipange. Tafadhali usije.

Laker wako


Gulu
Jumanne, 23 Aprili 2024

Laker,

Sisi wazima. Wewe sikuulizi.

Leo asubuhi Joska alikuja. Ametoka kumwona Ocira rumande: amekonda, anakohoa damu. Akaniuliza, "Afande, wewe ulikuwa polisi. Mwanangu ni mwizi?" Nilitaka kumdanganya, ulimi ukakataa. Nikachukua barua yako ya tarehe 19 Machi nikampa. Kusoma hajui, akanirudishia. "Nisomee."

Nimemsomea yote, hata pale ulipolazimisha. Hakulia. Aliikunja, akaitia kifuani, akaomba nauli ya kuja huko. Nimempa, na ya kumrudisha Ocira nyumbani pia.

Atapanda basi la Alhamisi asubuhi, anakwenda moja kwa moja kituoni. Barua hii inakuja na basi la leo, kesho utaipata. Una siku moja. Ukifika kabla yake, umesema mwenyewe. Akifika kabla yako, umekamatwa, na mimi nitaitwa shahidi, na nitasema kweli.

Nakupenda, na sijutii nilichofanya. Mama yako sijamwambia, sijui naanzia wapi.

Tangulia, mwanangu.

Baba yako