Karatasi Zilizochapwa Pande Mbili

Mpendwa Bibi Irja, nisaidie kabla sijafanya jambo la aibu, na jina langu lisitoke gazetini maana hapa mjini Marquette tunajuana sote, mimi ni mstaafu wa miaka sitini na nane, mke wangu ni Corinne, tumeoana miaka arobaini, na tangu theluji ianze kuyeyuka anatoka kila Alhamisi na mkoba mkubwa, nikimuuliza anasema anafika kwa Gordon mara moja, na huyo Gordon ni jirani yetu, mgane, ndilo jina lake halisi, nimelitaja makusudi.

Mwanzoni nilijiambia labda ni mambo ya kanisa, lakini Alhamisi iliyopita aliporudi aliuacha mkoba jikoni, mkono wangu ukanitangulia, nikakuta karatasi zimechapwa pande zote mbili, na printa yetu haichapi pande mbili, tangu nilipoutoa mfumo wa uendeshaji wa kampuni kubwa kwenye kompyuta nikaweka mfumo huria, ambao ndani yake kila kitu kinasomeka na hatupelelezwi na mtu, printa inachapa upande mmoja tu na kuskani haiskani kabisa. Najua watengenezaji wa printa wametunyima ili turudi kwao vichwa chini. Wana programu yao ya kuskani, lakini imefungwa, haisomeki, nami siingizi nyumbani kitu nisichojua kimebeba nini. Kuna mtu kwenye baraza letu la mtandaoni aliniuliza kama nimepitia mipangilio ya printa, nikamshuku katumwa na kampuni, nikaacha kumjibu.

Corinne nilimweleza yote hayo mwezi wa pili, akaniambia, "Mzee wangu, mimi nilitaka kijitabu, sikuomba mapinduzi." Nilicheka. Sasa sicheki. Karatasi zenyewe zilikuwa mapishi tu, pasti za marehemu mama yake, zile kama sambusa kubwa za kuoka, na mkate wa iliki, lakini nani anachapa mapishi kwa siri? Siku hizi nashinda dirishani. Nikamkabili Gordon, au nimsubiri mke wangu mlangoni? Na samahani, wewe mwenyewe unatumia mfumo gani?

Macho Dirishani

*

Macho Dirishani, natumia ule nilioukuta kwenye mashine nilipoinunua, na usinichunguze.

Pole, naona hulali. Lakini hebu tuulizane: mkeo anakuaga, anakutajia jina la mwenyeji wake, anarudi na kuuacha mkoba jikoni. Mwizi gani huyo anayeaga? Ulishika mapishi ya marehemu mkweo, ukaona uhuni. Alikuomba kijitabu cha mapishi hayo ukampa hotuba, basi akaenda kwa mtu aliyemwambia lete. Hilo ndilo likutie hofu. Leo anafuata printa kwa Gordon, na ukizidi kushinda dirishani, siwezi kukuahidi kesho atafuata nini.

Sasa mashine. Nimempigia mpwa wangu Tove, anayetumia mfumo kama wako tangu chuo, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema kompyuta mara nyingine haijui kama printa ina kile kifaa cha kugeuza karatasi mpaka uiambie. Fungua mipangilio ya printa, tafuta sehemu ya vifaa vilivyopachikwa, na palipoandikwa kigeuza karatasi hakipo, weka alama ya kipo. Basi. Yule wa baraza alikuwa anakusaidia, mrudie umshukuru. Umewashuku watengenezaji, jirani, mkeo na mimi, na alama yenyewe hukuiweka wewe.

Kuskani, jaribu kwanza programu huria, zipo. Ikishindikana, chukua kompyuta kuukuu isiyo na siri zako, uweke humo ile programu yao iliyofungwa, ikupeleleze mapishi ya pasti itakavyo.

Kwa Gordon nenda, ila nenda na rimu ya karatasi, maana zake umezimaliza wewe kwa ukaidi wako. Kijitabu kikamilike kabla ya Alhamisi, umpe Corinne mkononi, umwambie kwamba uliupekua mkoba wake na kwa nini. Radhi mwombe kwa mdomo wako. Hiyo usiichape.

Bibi Irja